Punje Zingali Mabubu

Konda wa Kosta alilinyanyua kasha, akalitua, akanitazama. "Bosi, umebeba vigae?"

Nikamwambia ni vitabu.

"Vya shule?"

Vya mashairi. Akawageukia wapiga debe wenzake wa stendi ya Msamvu na kuwatangazia kwamba kuna abiria anapeleka mashairi Ifakara, na kwamba mashairi yana uzito kuliko saruji. Kisha akanitoza nauli ya mzigo kama ya saruji kweli. Sikubishana. Asubuhi ile kasha lilikuwa limekuja nami kutoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwaka 2024, na tulikuwa tumefika kwa muda ambao zamani basi lilikuwa bado linahangaika kutoka nje ya jiji. Ila reli hiyo mpya ikitoka Morogoro hushika njia ya Dodoma. Anayekwenda bonde la Kilombero hushuka, hutafuta Msamvu, na kuanza kuzungumza na makonda.

Ipo reli inayopita Ifakara yenyewe, TAZARA, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya mwaka 1970 na 1975. Nilitamani kwenda nayo. Mwenye mashairi ndiye aliyenikataza. "Kwa TAZARA utaona mengi," alisema kwenye simu, "lakini mimi nataka vitabu vifike kabla ya Jumamosi."

Mwenye mashairi ni mwalimu wa sekondari, mtu wa Ifakara, na diwani yake ya kwanza ameichapisha kwa fedha zake mwenyewe. Nilimsomea prufu. Aliniomba nisimtaje jina gazetini kwa sababu ambayo naiona ya haki: wanaomjua wanamjua, na wasiomjua wanunue kitabu. Kwa hiyo hapa atakuwa Mwalimu, kama anavyoitwa na kila mtu mjini kwake, hata na wale aliowachapa viboko.

Mfukoni nilikuwa na diwani nyingine ya kunipitishia njia, *Mwanangu Rudi Nyumbani* ya Dotto Rangimoto, mshairi wa Morogoro aliyeshinda Tuzo ya Mabati-Cornell upande wa ushairi mwaka 2017. Niliona inafaa kuusoma mkoa huku naupita. Sikufika mbali. Barabara ya Mikumi hupita ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita hamsini, na basi zima huwa upande mmoja, kisha upande mwingine, kufuata twiga na pundamilia, wakati dereva anapanda matuta moja baada ya jingine kwa uvumilivu wa mtu aliyeshaona twiga wa kumtosha maisha yake yote. Tulipoupita mji wa Mikumi, tukaiacha barabara kuu ya Iringa na Zambia, tukakunja kushoto.

Hapo nchi inabadilika. Kidatu kuna bwawa la umeme, kuna Mto Ruaha Mkuu, halafu miwa. Miwa kila upande, malori ya miwa, harufu ya molasi inayoingia madirishani na kukaa kwenye nguo. Mkono wa kulia milima ya Udzungwa inasimama wima, msitu juu yake mweusi, wingu limekaa kileleni. Mama mmoja niliyekaa naye, mfanyabiashara wa mchele anayerudi kutoka Morogoro, alinionyesha upande wa Sanje, kwenye maporomoko ya mita 170, akanieleza habari za ngolaga. Huyo ni nyani wa msitu ule, hapatikani kwingine duniani nje ya Udzungwa. Wataalamu walimtambua kwa mara ya kwanza mwaka 1979, na hifadhi ya taifa ikaja mwaka 1992. Mama yule hakuwa na miaka hiyo kichwani. Alichokuwa nacho ni kwamba bibi yake alikuwa akimwita mnyama huyo kwa jina siku zote na hakuna mzungu aliyemfundisha. Nililikumbuka hilo keshokutwa yake, nitaeleza kwa nini.

Baada ya Mang'ula na Kiberege milima inasogea nyuma, ardhi inalala. Ilikuwa Juni. Kandokando ya lami mpunga ulianikwa juu ya maturubai, watoto wakiugeuza kwa miguu, kuku wakifukuzwa. Kufika Kibaoni niliona kile nilichokuwa nimesimuliwa: baiskeli. Baiskeli zenye magunia, zenye matenga ya samaki, zenye baba, mama na mtoto. Mji ni tambarare kiasi kwamba hakuna anayeshuka kusukuma.

Ifakara ni mji ambao jina lake limesafiri kuliko watu wake wengi. Katika miaka ya 1950 Waswisi waliweka hapa maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, na maabara hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Kwa hiyo ukienda kwenye maktaba ya chuo cha udaktari popote ulimwenguni utalikuta neno Ifakara limepigwa chapa, karibu na neno malaria. Bonde nalo liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, zaidi ya kilomita za mraba 7,900 za mto, majaruba na matete. Mbu, mto na sheshe wa mbugani vimeandikwa vya kutosha. Lakini kwenye duka la vitabu nililopelekwa jioni ile sikuona kitabu hata kimoja cha mtu wa bonde akizungumza habari zake. Kasha langu ndilo lilikuwa la kwanza.

Duka lenyewe ni stesheneri. Msomaji wa mji wowote wa Tanzania analijua: mashine ya fotokopi mlangoni, kaunta buku, rula, rimu za karatasi, lamineshini, picha za pasipoti kwa dakika chache, kadi za mwaliko wa harusi. Nyuma kabisa kuna rafu moja ya vitabu visivyo vya mtihani: Biblia, tenzi za kanisani, kamusi, riwaya mbili tatu zilizokunjika pembe kwa kusomwa kwa kusimama. Mwenye duka anaitwa Mama Stesheneri na nina hakika wajukuu wake nao wanamwita hivyo. Yeye ndiye aliyetoa wazo la kufanya usomaji dukani. Alisema amemfotokopia Mwalimu mashairi yake kwa miaka mingi, karatasi moja moja, kwa ajili ya mahafali na misiba na sherehe za chama. Sasa yamekuwa kitabu, yatolewe palepale yalipozaliwa. Akaazima mabenchi, akatandika mikeka kwa watoto, akazima mashine.

Nimehudhuria usomaji wa mashairi Dar es Salaam. Pale Soma, Mikocheni, Demere Kitunga na wenzake wamewatengenezea wasomaji kibaraza ambacho miji yetu mingi haina, na jioni zake nazipenda. Mshairi husoma, watu husikiliza kwa adabu, hupiga makofi, halafu huuliza swali linaloanza na "ningependa kujua msukumo wako". Sijawahi kuona mtu akimsimamisha mshairi katikati ya ubeti. Ifakara nilimwona.

Jumamosi saa kumi watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Walikuja walimu, wanafunzi wa udaktari kutoka chuo cha Mtakatifu Fransisko, kina mama wa kikoba kimoja waliovaa sare, waendesha bodaboda waliobaki juu ya pikipiki zao ili wasikose abiria wala mashairi, na mzee mmoja mwenye kofia ya pama na redio ndogo, aliyepewa kiti cha mbele bila kuomba. Mwalimu aliwaamkia wazee, akaitikiwa, akafungua kitabu, kisha akakifunga. Alighani kwa kichwa. Kitabu kilikuwa mkononi kwa ajili ya kuonyesha kwamba kipo.

Alianza na ngonjera. Wanafunzi wake wawili, mvulana na msichana, walisimama wakawa mpunga: mmoja supa, mmoja saro. Asiyelima anahitaji maelezo. Supa ni mbegu ya zamani ya bonde, ndefu, yenye kunukia, inayolala upepo ukivuma na kuzaa kidogo. Saro, ambayo wataalamu huiita TXD 306, ni fupi, imara, inazaa sana, lakini harufu yake haimfikii mwenzake. Hapo Ifakara kuna kituo cha utafiti, zamani KATRIN na sasa TARI, ambacho kimefanya kazi ya mpunga miaka mingi, hivyo hakuna familia isiyo na msimamo kuhusu mbegu. Supa akamwambia saro kwamba yeye huliwa na watu wasio na pua. Saro akajibu kwamba pua haijawahi kulipa ada ya shule. Kelele iliyozuka hapo! Kina mama wa kikoba waligawanyika pande mbili, na wale watoto wawili ikabidi wangoje.

Mathias Mnyampala, aliyeipeleka ngonjera mashuleni na majukwaani baada ya Azimio la Arusha, aliitaka iwe chombo cha kufundisha siasa. Ngonjera nyingi nilizolazimishwa kukariri utotoni zilikuwa na kasoro hiyo: tangu ubeti wa kwanza unajua nani atashinda, kwa sababu mjinga ameandikwa kuwa mjinga. Ya Mwalimu haikuwa na mshindi. Iliisha mbegu zote mbili zikiwa ghalani zinamlalamikia panya.

Halafu akasoma mawili yasiyo na vina, na hapa alisoma kweli, macho kitabuni. Mwanafunzi mmoja wa udaktari alifurahi, akasema hivyo ndivyo anavyopenda, kama Kezilahabi. Mzee wa kofia akauliza kwa sauti ya kutosha, si kumuuliza mtu fulani, "Yale ya kwanza yalikuwa shairi. Haya ni nini, barua?" Ugomvi huo una umri wa miaka hamsini sasa: *Kichomi* cha Euphrase Kezilahabi kilitoka mwaka 1974 na wazee wa wakati ule waliuliza swali hilohilo kwa maneno makali zaidi. Sikutegemea kulikuta bado lina pumzi kwenye stesheneri. Mwalimu alicheka, akasema, "Mzee, barua nayo husomwa na aliyeandikiwa," akafungua ukurasa mwingine.

Shairi lililofuata lilikuwa la kuamia ndege. Mpunga ukikaribia kuzaa, kweleakwelea hushuka kwa maelfu, na nyumba nzima huhamia shambani, hasa watoto, wakakaa madunguni tangu alfajiri hadi jua lizame, wakipiga madebe na kurusha kombeo. Mwalimu alilitunga kwa sababu ya madawati matupu. Aliwaeleza watu kwamba yeye msimu huo anaujua kwa daftari la mahudhurio: unapoona mstari mzima wa kutofika, ndege wamekuja. Shairi ni la mizani nane kwa nane, vina vinatiririka, na sauti yake ilikuwa imeshika sasa. Akafika ubeti wa tatu:

*Shamba likawa dhahabu, ndipo ndege wakatua*

"Simama hapo hapo, Mwalimu." Ni mzee wa kofia. Redio yake alikuwa ameizima.

"Ndiyo, mzee."

"Ndege gani huyo anayengoja shamba liwe dhahabu?"

Watu wakacheka kidogo, kwa wasiwasi. Mzee hakucheka. Alieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kweleakwelea huja mpunga ukiwa bado kijani. Huja punje zikiwa na maziwa. Huikamua punje, hunywa, huacha ganda limening'inia, na wewe ukipita mbali unaona shamba lina masuke na unashukuru Mungu, kumbe ni maganda. "Ukingoja liwe dhahabu ndipo upande dungu, mwanangu, hukuti kitu. Mtoto wa shairi lako amechelewa. Bora angekwenda shule."

Kicheko cha safari hii kilikuwa cha wote, hata Mwalimu. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Mstari ule ndio niliouwekea alama ya vyema kwenye prufu. Sisi wa mezani tunapenda mpunga uwe dhahabu. Ndivyo mpunga unavyokuwa kwenye kalenda na kwenye noti za hotuba, na hakuna mhariri atakayelalamika. Ngolaga wa yule mama wa basi alinijia hapo: jambo linaweza kuandikwa na kupigwa mhuri huku anayelijua amekaa benchi la pili, hajaulizwa.

Mwalimu alijitetea kidogo. Alisema kina cha kati ni *bu*, na ubeti mzima umesimama juu yake. Akitoa dhahabu nyumba inaanguka. Hapo ndipo usomaji ulipogeuka kuwa kazi. Mabenchi yote yakaanza kutafuta *bu*. Taabu, hesabu, sababu, jawabu, ghadhabu. Kijana wa bodaboda akasema "bububu" na akaambiwa anyamaze. Mwalimu mmoja wa Kiswahili alipendekeza mstari mrefu wenye adabu nyingi na watu wakauhesabu kwa vidole, ukazidi mizani moja. Nilishangaa kuona ni wangapi waliokuwa wakihesabu kwa vidole. Kaluta Amri Abedi alizichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Nadhani wengi waliokuwa pale hawajakiona kitabu chake, ila masikio yao yanazijua.

Aliyetoa mstari ni mama mmoja wa kikoba, mnene, mpole, ambaye hadi wakati huo alikuwa akimnyamazisha mjukuu. Alisema mpunga mkavu una sauti. Ukipita katikati yake unachakacha, ukiutikisa unalia. Ndivyo marehemu mumewe alivyokuwa akiupima. Wenye maziwa haulii. Kisha, bila kuinua sauti:

*Punje zingali mabubu, ndipo ndege wakatua*

Kimya, vidole vikihesabu. Nane. Nane. Mzee wa kofia akaguna, na mguno ule ulikuwa cheti.

Haya si mageni. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, lilijaza kurasa zake kwa washairi wa Tanganyika nzima waliokuwa wakijibizana, huyu wa Tanga akiuliza, yule wa Tabora akijibu, mwingine wa Kilwa akiwasahihisha wote wawili, kwa vina vilevile. Shairi lilikuwa jambo lisilokwisha kwenye kituo chake. Tulipoanza kuliweka kwenye jalada zuri lenye picha ya mtunzi nyuma, tulilipa heshima na kuliziba mdomo. Sisemi diwani zisichapishwe. Nimebeba kasha zima kwa mikono yangu. Nasema kuna msomaji ambaye hatujamwekea nafasi pambizoni.

Wakanunua. Walionunua wakadai mstari wao. Mama Stesheneri akatoa kalamu za wino mweusi kwa mkopo wa muda, na Mwalimu, badala ya kutia sahihi tu, akawa anafungua ukurasa ule, anafuta *Shamba likawa dhahabu* kwa mstari mmoja, anaandika juu yake mstari wa yule mama. Nakala hadi nakala. Mkono ulipochoka, mwanafunzi aliyekuwa saro akashika kalamu. Mteja mmoja alileta kilo kadhaa za mchele badala ya fedha, na bei ilipatana bila mjadala isipokuwa swali moja kutoka kwa Mwalimu: supa au saro? Yule mama wa kikoba alipewa kitabu bure. Alikataa. Alilipa nusu, akasema nusu nyingine ni ya mstari.

Jumapili Mwalimu alinipeleka darajani. Daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero lina urefu wa mita 384 na lilifunguliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo anayekwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi alivuka kwa kivuko, na kivuko kiliwahi kupinduka kwa dhoruba mwaka 2016. Mto ulikuwa umeanza kupungua, mitumbwi ya wavuvi chini yetu ikiwa midogo mno. Aliniambia analo shairi la pantoni ambalo hakulisoma jana. Kamati moja ilimwomba atunge la kusifu daraja kwa ajili ya sherehe, naye akatunga la wauza samaki wa kukaanga waliokuwa wakiishi kwa foleni ya pantoni. Lilirudishwa kwa shukrani. Limo kitabuni, ukurasa wa mwisho.

Ng'ambo ya daraja barabara inakwenda Mahenge, ambako tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Majimaji walilishambulia boma la Wajerumani mchana kweupe. Vita vile vilipata utenzi wake mapema, kwa mkono wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, na W. H. Whiteley aliutoa upya pamoja na tafsiri mwaka 1957. Nilimuuliza Mwalimu kama ana mpango wa kuandika vita hivyo kwa upande wa Wapogoro na Wambunga. Alitazama maji kwa muda. "Kwanza nitamsomea yule mzee," alisema. "Halafu ndiyo nichapishe. Safari hii kwa mpangilio huo."

Nilirudi Dar na nakala chache za marafiki. Nilipozifungua nyumbani niligundua hazikusahihishwa, dhahabu imekaa pale pale inang'aa. Nilimpigia simu. Alisema wino ulikwisha, na tena huko Dar hatalima mtu. Moja nikaisahihisha kwa mkono wangu, nikaiweka. Nyingine nilimpa mwenzangu wa kazi, msomaji mzuri, mwenye jicho. Hakukaa siku nyingi akanipigia kunisifia ule mstari wa shamba kuwa dhahabu, picha nzuri namna gani, unaona kabisa. Nikamweleza habari ya maziwa, na ndege, na maganda yanayoning'inia, na yule mama. Akasikiliza. Akasema ameelewa, lakini maziwa hayaonekani, na shairi ni picha. Nikamwambia shairi ni sauti. Tukabishana mpaka salio lake likaisha.